Panki wa London na ngoma za jirani zetu

Wiki hii nimeulizwa swali na mzee mmoja wa hapa Kigoma. Aliliuliza mbele ya watu, nami sikuwa na jibu pale pale, nikamwahidi kwamba nitalitafuta na kulisema redioni. Ahadi ni deni, basi leo nalipa.

Swali lenyewe lilizuka hivi. Mpwa wangu ana chumba kidogo kule Mwanga ambacho yeye anakiita studio. Ndani yake mna kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, na magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani ili kuzuia kelele za bodaboda. Vijana huenda pale kurekodi nyimbo zao, naye huwatengenezea kile wanachokiita biti. Jumamosi iliyopita nilipita kumsalimu, nikakuta amealika kikundi cha ngoma, watu tisa wenye asili ya Burundi ambao tumewazoea hapa mjini kwenye harusi na kwenye sikukuu za kanisani. Alitaka kuwarekodi, na alikuwa amewaahidi shilingi elfu hamsini kwa wote tisa, pamoja na soda.

Kabla hawajaanza akawapigia wimbo wa zamani kutoka kwenye kompyuta yake, ili waelewe sauti anayoitaka. Wimbo huo unaanza kwa ngoma tupu, ngoma nyingi, kisha juu yake linaingia gitaa la umeme na kinanda. Mzee kiongozi wa kikundi alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Haujafika katikati akainua mkono, mpwa wangu akauzima.

"Mwanangu," mzee akasema, "hizo ni zetu. Hilo gitaa silijui, lakini ngoma hizo ni za kwetu."

Mpwa wangu akacheka, akasema ndiyo maana amewaita wao. Akaeleza kwamba mdundo huo uliwahi kumfanya Mwingereza mmoja kuwa nyota, mtu aliyekuwa panki, asiye na mbele wala nyuma. Hapo mzee akageuka akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayesema redioni na kwa hiyo inadhaniwa kwamba najua mambo. Akauliza, "Na waliopiga walipewa nini?"

Nikababaika. Mzee akawaambia wenzake wafunike ngoma zao. Watasubiri, akasema, hadi wasikie redio.

Hebu nianze na huyo panki. Kwetu sisi, neno panki kwanza ni unyoaji wa nywele. Wale tuliokuwa vijana zamani tunakumbuka jinsi mtu alivyonyoa panki na kurudi nyumbani akipita kichochoroni ili baba asimwone. Ndugu zetu wa Mwanza nao wana mapanki yao, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kwenda Ulaya. Lakini panki wa Uingereza alikuwa mtu kamili. Katikati ya miaka ya 1970 vijana wa London waliochoshwa na kukosa kazi, na kuchoshwa pia na wanamuziki matajiri waliopiga gitaa robo saa nzima bila kumaliza wimbo mmoja, walianzisha muziki wao. Nyimbo zilikuwa fupi na za kelele, na ukijua kushika gitaa kwa namna tatu tu ulitosha kupanda jukwaani. Nguo zilichanwa kwa makusudi na kushikizwa kwa pini za nepi. Muziki huo ulipoanza kuoga na kuvaa vizuri, ukaongezewa vinanda vya umeme na maigizo, wakauita wimbi jipya.

Mtu wetu alipita katika yote mawili. Jina lake la kuzaliwa ni Stuart Goddard, aliyezaliwa London tarehe 3 Novemba 1954. Hakutoka katika nyumba ya kitajiri. Mama yake alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu, na kwa muda alisafisha nyumba ya Paul McCartney wa Beatles. Kijana akasoma sanaa ya uchoraji chuoni, huku akipiga gitaa la besi katika bendi moja iliyoitwa Bazooka Joe. Tarehe 6 Novemba 1975 bendi hiyo ilikuwa na onyesho katika chuo cha sanaa cha Saint Martin's, na wakapewa vijana wasiojulikana wawatangulie jukwaani. Vijana hao waliitwa Sex Pistols, na hilo lilikuwa onyesho lao la kwanza kabisa. Goddard aliwatazama, akaona kwamba muziki anaoupiga yeye umekwisha zeeka, akaiacha bendi yake. Mwaka 1977 akaunda bendi nyingine, akajiita Adam Ant, na bendi akaiita Adam and the Ants, yaani Adam na Sisimizi wake.

Kwa miaka miwili na ushee sisimizi hao hawakufika popote. Walikuwa na wafuasi waliowapenda sana, Adam aliigiza katika filamu ya kipanki iliyoitwa Jubilee mwaka 1978, na mwaka uliofuata wakatoa albamu. Lakini waandishi wa magazeti ya muziki waliwacheka, na redio haikuwajali. Mwishoni mwa 1979 Adam akafanya jambo ambalo mtu hulifanya akiwa amekwama: alimwendea fundi. Fundi huyo alikuwa Malcolm McLaren, mtu yule yule aliyewasimamia Sex Pistols. Adam akamlipa pauni 1,000 ili amshauri.

Ushauri alioupata ni wa ajabu. McLaren alimpa kanda yenye mchanganyiko wa nyimbo za pande mbalimbali za dunia akaisikilize, na mojawapo ya nyimbo hizo ndiyo hiyo aliyoipiga mpwa wangu Jumamosi. Kisha, Januari 1980, McLaren akawashawishi wapigaji wote watatu wa Adam wamwache, wakaunda bendi mpya chini yake, ikaitwa Bow Wow Wow, na mwimbaji wake akawa msichana mdogo aitwaye Annabella Lwin. Kwa hiyo Adam alikuwa amelipa pauni 1,000 ili aporwe bendi yake. Kilichomfaa ni ile kanda. Na McLaren naye aliwapa kanda hiyo hiyo wale aliowapora, hivyo mwaka huo bendi mbili za London zilikuwa zinakimbizana, kila moja ikitaka kuwa ya kwanza kutoa mdundo wa Burundi.

Adam alishinda mbio hizo. Alimpata mpiga gitaa Marco Pirroni, wakatunga nyimbo mpya pamoja, kisha akafanya kitu ambacho bendi za gitaa hazikukizoea: aliweka wapiga ngoma wawili, Chris Hughes na Terry Lee Miall. Bendi ya kawaida ya Kizungu ina mpiga ngoma mmoja anayekaa nyuma kama mlinzi wa usiku. Adam aliwatanguliza wale wawili, akauweka wimbo juu ya ngoma, mahali ambapo wenzake waliuweka wimbo juu ya gitaa. Oktoba 1980 wakaonekana katika televisheni ya BBC. Adam alikuwa amevaa koti la kijeshi la zamani na kujichora mstari mweupe puani, na watoto wa shule Uingereza nzima wakaanza kujichora nyuso. Albamu yao, Kings of the Wild Frontier, ilitoka Novemba mwaka huo. Januari 1981 ikashika nafasi ya kwanza, na ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote nchini Uingereza mwaka 1981. Wimbo wao mmoja ulikwama nafasi ya pili kwa sababu tu John Lennon alikuwa ameuawa Desemba, na watu walikuwa wananunua tena nyimbo za marehemu. Mwaka huo huo Adam alipata nyimbo mbili zilizoshika nafasi ya kwanza, na mwaka 1982 albamu ile ikapewa tuzo ya albamu bora ya Kiingereza.

Mambo ya baadaye nitayapitia haraka. Alivunja bendi mwaka 1982 akaimba peke yake, akapata wimbo mwingine wa nafasi ya kwanza. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha kubwa la Wembley la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia, alipewa nafasi ya wimbo mmoja tu, na tangu hapo nyota yake ikaanza kuzama. Akaenda Marekani kuigiza filamu. Alirudi kuimba mara mbili tatu. Kuanzia 2002 magazeti yalimwandika kwa sababu ya ugonjwa wa akili, ambao yeye mwenyewe aliueleza bila kificho katika kitabu cha maisha yake mwaka 2006. Mwaka 2013 akatoa albamu mpya, na 2016 akazunguka Uingereza akiipiga upya ile albamu ya 1980 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yaani miaka 36 baadaye, watu walikuwa bado wanalipa kiingilio kusikiliza zile ngoma.

Sasa tuvuke mpaka. Ukipanda boti ya injini pale Kibirizi ukaelekea kaskazini, ukaipita Gombe na sokwe wake, utafika Kagunga, na baada ya Kagunga ni Burundi. Si mbali. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na bibi kutoka Kasulu na bibi kutoka Burundi wanaweza kugombana sokoni bila mkalimani. Kwa Warundi neno ingoma lina maana mbili: ni ngoma, na pia ni ufalme. Mfalme, mwami, alitawala kwa ngoma. Ilikuwako ngoma moja takatifu, Karyenda, ambayo haikuonwa na kila mtu, na zilikuwako koo maalumu zilizokabidhiwa kazi ya kuchonga, kutunza na kupiga ngoma za kifalme. Karibu na Gitega, mahali paitwapo Gishora, kazi hiyo inaendelea. Mti wake unaitwa umuvugangoma, maana yake mti unaozungumzisha ngoma. Huku kwetu wengine wanauita mringaringa.

Watu wengi wakisikia ngoma hizo hudhani kila mtu anapiga apendavyo. La hasha. Ngoma hupangwa nusu duara, na idadi yake huwa witiri, haigawanyiki kwa mbili. Zipo zinazoshikilia mdundo ule ule bila kubadilika, nazo huitwa amashakwe. Zipo zinazobadilika kufuata amri, ibishikiso. Amri inatoka kwa ngoma ya katikati, inkiranya, na wapigaji hupokezana kuijia, mmoja baada ya mwingine, akirukaruka na kucheza kabla hajaipiga. Nimemwomba mzee anifafanulie, akaniambia kwa kifupi kwamba anayeharibu ni yule anayetaka wote wasikie ngoma yake yeye.

Mwaka 1966 ufalme ulifutwa Burundi, na jamhuri ikatangazwa Novemba. Mwaka uliofuata, 1967, walifika Wafaransa na mashine ya kurekodi. Naona haya kidogo kusema, lakini walikuwa watu wa redio kama sisi. Shirika lao, Ocora, lilitokana na idara ya Ufaransa ya ushirikiano wa redio na nchi za Afrika, na aliyesimamia kazi ile aliitwa Michel Vuylsteke. Walirekodi wapiga ngoma 25 kwa mpigo mmoja. Wapigaji wa mfalme, ambaye sasa hakuwapo tena, waliwapigia wageni, na wageni wakaondoka na mkanda. Mwaka 1968 ikatoka santuri yenye muziki wa Burundi, safi, bila kuongezwa kitu, kwa ajili ya wataalamu na maktaba. Mpaka hapo mimi sina ugomvi mkubwa. Bila mkanda huo sauti zile zingebaki kijijini kwao.

Mwaka 1971 mpiga kinanda wa Kifaransa, Michel Bernholc, aliichukua sauti hiyo hiyo iliyorekodiwa 1967, akaongeza juu yake gitaa na kinanda, akaitoa kama wimbo wa dansi. Wimbo ukaitwa Burundi Black, na jina la wapigaji lililoandikwa juu ya santuri likawa Burundi Steiphenson Black. Katika Kirundi chote hakuna ukoo wa Steiphenson; hilo lilikuwa jina la kubuni la Bernholc mwenyewe. Wimbo huo uliingia katika chati za Uingereza mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 1975 mwimbaji maarufu Joni Mitchell naye akaitumia sauti ile ya ngoma katika wimbo wake mmoja. Na 1981, Adam alipokwisha kuupa mdundo huo soko, Burundi Black ikapikwa upya na kuuzwa tena. Robert Palmer, mwandishi wa muziki wa gazeti la New York Times, aliandika mwaka huo huo wa 1981 kwamba wale wapiga ngoma waliorekodiwa hawakuwa na mgawo katika faida hiyo.

Kwa hiyo, mzee wangu, ukitaka jibu la neno moja, jibu ni: hawakugawiwa.

Lakini nisiishie hapo, maana mpwa wangu amebaki akiamini kwamba Adam Ant ni mwizi, na mimi sikubaliani naye. Adam alisikia ngoma, akaipenda, akawaweka vijana wawili wa Kiingereza wakahangaika kuipiga kwa mikono yao wenyewe mpaka wakapata kitu kinachofanana nayo. Wala hakuficha alikoitoa. Muziki wote wa dunia umetembea hivyo. Hizi rumba zetu zilipita Cuba zikarudi kwa santuri, na waliozipeleka Cuba walikuwa watu waliochukuliwa huku kwa minyororo. Sikinde na msondo ni ngoma za asili kabla hazijawa majina ya mitindo ya bendi za Dar es Salaam, na sijasikia Mzaramo hata mmoja akienda Mlimani Park kudai malipo ya mdundo. Ukimkataza mtu kujifunza kwa sikio, utaua muziki wote, wa kwetu ukiwa wa kwanza. Kama nina la kumlaumu Adam ni kwamba sifa na fedha zilipokuja hakuonekana kuikumbuka njia ya kurudi. Hilo ni suala la adabu zaidi kuliko la sheria.

Burundi Black ni jambo jingine kabisa. Mle ndani hakuna mtu aliyejifunza kupiga. Ni mikono ile ile ya watu 25 iliyorekodiwa siku moja ya 1967, ikiuzwa tena na tena chini ya jina la mtu ambaye hakuugusa mti wala ngozi. Usiniambie kwamba wakati ule fikra ya kumlipa mpigaji ilikuwa haijazaliwa. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 ulikwishataja haki za watu wanaopiga na kuimba, ukiacha zile za mtunzi.

Na angalia saa ilivyogonga. Burundi Black ilikuwa katika chati za Uingereza mwishoni mwa 1971. Aprili 1972 mauaji makubwa yakaanza Burundi, na watu kwa maelfu wakavuka kuja huku Kigoma, wengine kwa mitumbwi usiku. Mzee wetu alikuwa mmojawapo, mtoto aliyeshikwa mkono na baba yake, naye baba alikuwa mpiga ngoma. Walikuja bila ngoma. Wakapelekwa Ulyankulu, Tabora, wakakata pori, na baba akachonga ngoma nyingine kwa mti walioupata huko. Baadaye familia ikarudi kandokando ya ziwa. Mzee ni mmoja wa wale zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania kuanzia 2014. Yaani katika miezi ile ile ambayo sauti ya ngoma za kwao ilikuwa ikiuzwa madukani Ulaya, wenye ngoma walikuwa wanatafuta turubai. Silaumu santuri kwa vita. Nasema tu kwamba hata senti za mrabaha zingekuta watu wanaozihitaji.

Niongeze kisa kimoja kidogo, kwa sababu kinanichekesha. Ile bendi ya Bow Wow Wow ilitoa wimbo wake wa kwanza Julai 1980, nao ulikuwa wa kuwasifu vijana wanaorekodi nyimbo kutoka redioni kwa kanda tupu badala ya kununua santuri. Mwaka 1981 wenye kampuni za santuri wa Uingereza walianzisha kampeni kubwa kuwalaumu vijana hao, wakisema kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Mtoto wa London aliyenasa wimbo wa Adam kwenye kanda aliitwa muuaji. Aliyeuza mkanda wa Burundi aliitwa mtayarishaji.

Lakini na sisi tusijifanye malaika. Mimi mwenyewe, miaka ile, nilikuwa na kabati zima la kanda zilizorekodiwa katika vibanda vya mjini hapa. Unampelekea mwenye kibanda kanda tupu na orodha ya nyimbo, unamlipa, unarudi jioni. Mwenye kibanda alipata, mwenye duka la kanda tupu alipata, mimi nilipata burudani. Wanamuziki waliokesha wakitunga hawakupata kitu, wala sikuwahi kuwafikiria.

Ndipo ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Wengi wanaijua hakimiliki na kulisahau neno la pili, ilhali kwa mzee wetu la pili ndilo lenye uzito. Hakimiliki ni ya mtunzi. Ngoma ya jadi haina mtunzi anayejulikana. Ni ya jamii, na sheria inasema anayetaka kuitumia kwa biashara nje ya mila yake apate idhini ya Baraza la Sanaa. Hakishiriki ni ya mtu anayepiga. Mdundo unaweza kuwa wa babu wa babu yako, lakini siku unapoupiga wewe mbele ya kipaza sauti, upigaji ule ni wako, na mtu hawezi kuurekodi na kuuza bila wewe kukubali. Wale watu 25 waliikosa haki hiyo hasa.

Haki yao nyingine ilikuja kwa njia ndefu. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walikwenda wenyewe Uingereza, katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, wakapiga jukwaa moja na bendi ya Echo and the Bunnymen. Tamasha lenyewe liliingia hasara, lakini Waingereza waliozoea kusikia mdundo ule kutoka kwa watu waliojichora puani waliwaona wenye nao, wamebeba ngoma kichwani na bado wanazipiga. Mwaka 2014 UNESCO ikaiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2017 serikali ya Burundi nayo ikatoa amri kwamba vikundi viandikishwe na kwamba wanawake wasipige ngoma hizo. Kwa hiyo ngoma iliyowahi kutokuwa na mwenyewe sasa ina wenyewe wengi, kila mmoja na karatasi yake. Hilo la wanawake nitalizungumzia siku nyingine, maana katika kikundi cha hapa Mwanga kuna binti mmoja, na mzee hataki hata kusikia akiondolewa.

Mzee wangu, hilo ndilo jibu nililolipata. Nimelisema kwanza kwa mpwa wangu, kwa sababu yeye ndiye mwenye mashine. Amenung'unika kidogo. Amesema, "Mjomba, hiyo studio yenyewe haijalipa bili ya umeme." Nikamwambia kwamba Bernholc naye huenda alikuwa na bili. Mwisho tumeafikiana hivi: shilingi elfu hamsini zibaki kuwa malipo ya siku, kwa ajili ya jasho na nauli. Wimbo ukiuzwa, au ukiwekwa kwenye simu za watu ukaleta chochote, nusu ni ya kikundi. Majina ya wapigaji yaandikwe yote, kwa herufi kamili, kwenye karatasi itakayopelekwa COSOTA, na kila mpigaji aweke sahihi au dole gumba.

Amekwisha nunua daftari. Wanarudi Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla bodaboda hazijawa nyingi.

Jana mzee alituma mjukuu wake na ujumbe. Majina ya wapigaji ni tisa, lakini anaomba liongezwe la kumi, la baba yake, aliyewafundisha na ambaye amezikwa Ulyankulu. Mpwa wangu ameniuliza kama sheria inaruhusu. Nimemwambia daftari ni lake na kalamu ni yake, aandike.